Kapteni Aliyekaa Chini Barabarani

Ndugu Mgeni Rasmi, Kanali Kasmir Nyoni, uliyeacha kiti chako chenye mto kule ofisini ukaja kukalia benchi letu la mninga. Ndugu Mwenyekiti wa Tawi la Chama. Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi, ambaye naona umechagua kukaa karibu na mlango ili ujue nani anaingia, nani anatoka, na ametoka na nini. Maafisa na wapiganaji mlio kazini na mliokwisha kuvua magwanda. Padri wetu, Shehe wetu. Wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo mliofunga meza zenu mapema leo Jumamosi, jambo ambalo halijatokea tangu lile lori la sabuni lilipopinduka Jangwani. Mama Severa, mke wa mstaafu wetu. Na wewe Bibi Josepha, mama mzazi, uliyekaa hapa mbele na kitambaa chako cheupe kichwani: shikamoo, mama. Wengine wote, habari za mchana?

Kapteni Theophil Lyaruu, afande wangu, wewe sikusalimu. Wewe leo ndiye unayesemwa, na anayesemwa hasalimiwi, anavumilia.

Ndugu Isidori, mwongoza shughuli yetu, amenipa dakika tano. Ameniambia nizungumze kwa niaba ya akina mama wa sokoni, yaani niseme tunamtakia Kapteni mapumziko mema, nimkabidhi shuka, nikae. Shuka lenyewe hili hapa, Mama Severa, lipokee kabisa lisije likapotea kwenye meza kuu. Hilo la shuka limekwisha. Sasa nianze.

Wengi wenu mnanijua kwa dagaa. Mwanamkuu Awadhi, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, muuza dagaa na unga wa muhogo, mwenye mdomo. Wachache mnajua kwamba kabla ya dagaa nilivaa magwanda miaka kumi na moja, na kazi yangu ilikuwa redio: kukaa na vyombo masikioni, kusikiliza wanaume wakidanganyana kwa sauti ya kijeshi, na kuyaandika yote kwenye daftari. Ndiyo, mwanamke. Ndugu unayecheka pale nyuma, betri ya redio ile nilikuwa naibeba mgongoni, na uzito wake ni kama wako wewe ukishakula.

Ndugu zangu, tumekuja kumuaga mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyejua anafanya kazi gani. Hivi hapa Kariakoo kuna siri inayodumu siku kumi na tisa? Mtu akinunua kilo mbili za sukari Mtaa wa Sikukuu, kabla hajafika Mkunguni watu wameshajua kapewa na nani. Lakini huyu bwana aliingia jeshini mwaka sitini na tano, akawa afisa wa upelelezi, mtu wa kutangulia mbele ya jeshi zima na wenzake wanne, kuingia kwa adui, kutazama, na kurudi na habari; na mama yake akawa anajua kwamba mwanawe ni karani wa stoo.

Bibi Josepha aliwahi kuniambia mwenyewe. Alikuwa akiuza ndizi Mtaa wa Mchikichi, nami nimekaa naye kibarazani. Akasema, "Mwanamkuu, mimi sikusoma, lakini karani gani wa stoo anarudi likizo na matope ndani ya masikio?" Nikamwambia, "Mama, labda stoo inavuja."

Alianzia wapi? Alianzia dukani kwa mjomba wake, hapo Mtaa wa Sikukuu, wakiuza misumari, taa za chemli na makufuli. Theophil alikuwa kijana wa kaunta. Mjomba alishangaa: kijana huyu hahangaiki na kila anayeingia. Anatazama miguu. Akiona vidole vinaelekea mlangoni wakati mdomo unauliza bei, anaendelea kupanga misumari yake. Akiona miguu imetulia, anakuja. Siku moja aliingia bwana mmoja wa heshima, suruali imenyooka, akaomba kuona makufuli sita tofauti. Theophil akamwambia mjomba kwa Kichaga, "Huyu anatafuta kufuli analoliweza." Wiki ile ile bwana yule alikamatwa kule mtaa wa Gerezani akifungua ghala la watu. Basi mjomba akasema, "Wewe mtoto ukikaa hapa utanifilisi kwa kufukuza wateja, nenda jeshini."

Akaenda. Kwenye kozi yake ya kwanza ya upelelezi, mkufunzi aliwapa wanafunzi kumi na wanane saa moja wajifiche ndani ya kambi, halafu yeye na wenzake wawatafute mpaka jua lizame. Wengine walichimba mashimo wakajifukia majani. Mmoja alipanda juu ya tangi la maji akaunguzwa na bati mpaka akajisalimisha mwenyewe. Kufika saa kumi walikuwa wameshapatikana wote, isipokuwa Theophil. Wakatafuta mpaka kwenye choo cha maafisa. Jua lilipozama, mtu mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya ofisi ya mkufunzi tangu mchana, na aliyekuwa ameshamwagia maji maua yake mara mbili, akaegemeza ufagio, akapiga saluti, akasema, "Afande, naomba kuripoti."

Mkufunzi alimpita mara ngapi? Mara tisa. Mara moja alimtuma sigara. Nawauliza wakubwa mliopo hapa, na msinijibu, jijibuni moyoni: ni lini mara ya mwisho mlimtazama usoni mtu anayefagia mbele ya ofisi zenu?

Akapelekwa kusini, mpakani, mto Ruvuma, wakati jirani zetu wakipigania uhuru wao. Kule alikaa miezi mitatu kijijini akiwa fundi baiskeli. Alitoa taarifa zote alizotumwa, nani anavuka, lini, na amebeba nini, na hakuna aliyemshuku. Shida ilikuja alipoondolewa. Wazee wa kijiji waliandika barua kwa Mkuu wa Wilaya wakilalamika kwamba Serikali imewanyang'anya fundi pekee anayejua kunyoosha rimu, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuendelea kwa miguu. Barua ile ikazunguka ofisi hadi ofisi ikaangukia mezani kwa wakubwa wake. Ndiyo sifa pekee ya maandishi iliyomo kwenye jalada lake mpaka leo, na inahusu baiskeli.

Mwaka sabini na tano akawa Kapteni. Mwaka huu ni themanini na nne, na anastaafu akiwa Kapteni. Wale aliowafundisha kutambaa ni Mameja. Mmoja nasikia ni Luteni Kanali na amenenepa kiasi kwamba kutambaa hatambai tena, anabingirika. Ndugu wageni waalikwa, katika ratiba mliyogawiwa, iliyopigwa chapa vizuri kabisa, imeandikwa kwamba Kapteni Lyaruu "ametumikia kwa utiifu." Mimi nilipoisoma nilicheka mpaka jirani yangu akanipa maji. Nimekuja kulisahihisha neno hilo. Huyu mtu hakutii. Na nitawaeleza alivyokosa kutii, kwa sababu nilikuwepo.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka sabini na tisa, vitani, ng'ambo ya mpaka. Mahali sitapataja, mliokuwepo mnapajua. Nilikuwa Koplo, mtu wa redio kwenye gari la kamanda wetu, Meja Nyoni kwa wakati huo, ambaye leo ni Kanali na ni Mgeni Rasmi wetu. Tulia, Kanali, bado sijafika kwako.

Mbele yetu palikuwa na bonde la matete, na juu ya bonde barabara iliyoinuliwa kwa udongo, tuta moja jembamba, refu kama kutoka hapa mpaka Mnazi Mmoja. Upande wa pili kilima chenye mikaratusi. Kushoto, shamba la kahawa la kuzunguka. Kapteni Theophil alitangulia na watu wanne tangu alfajiri. Saa tano na dakika ishirini asubuhi alinipigia kwenye redio. Nayakumbuka maneno yake kama ninavyokumbuka jina langu. Alisema, "Tuta limetegwa mabomu. Kilimani kuna watu na mizinga, wanawasubiri mfike katikati. Msipite. Zungukeni kwenye kahawa." Nikamrudishia neno kwa neno. Akasema, "Sahihi." Halafu akaongeza, "Mwanamkuu, hakikisha anasoma mwenyewe."

Nikaandika, nikapeleka. Meja alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Akasoma yote.

Akasema, "Theophil anaogopa. Mtu akizoea kutambaa, kila kitu anakiona kirefu."

Nikasema, "Afande, amesema ameyaona."

"Kuzunguka kwenye kahawa ni siku mbili. Mimi nimeshaahidi juu kwamba leo jioni tutakuwa upande wa pili. Mwambie arudi, aondoke njiani."

Nikampigia. Nikamwambia, "Afande, unaagizwa urudi, uondoke njiani."

Akasema, "Nimeelewa," akafunga redio. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani kuelewa maana yake ni kukubali.

Saa saba mchana tukaondoka. Watu mia na arobaini na wawili, magari tisa. Gari letu la tatu. Tukapinda kona ya mwisho kabla ya tuta, na gari la kwanza likafunga breki mpaka kreti la risasi likaanguka. Nikachungulia. Kapteni Theophil Lyaruu alikuwa amekaa chini, katikati ya barabara, miguu ameinyoosha mbele kama mwanamke anayechambua mchele. Wale wanne wake amewalaza pembeni, mtaroni. Yeye peke yake, bunduki imelala mapajani, kofia ameivua anajipepea.

Meja akashuka. Nikashuka nyuma yake na redio yangu, maana mimi na Meja tulikuwa tumefungwa kwa waya mmoja.

"Kapteni, ondoka barabarani."

"Siondoki, afande."

"Umepewa amri."

"Nimeisikia, afande. Koplo Mwanamkuu ana sauti safi sana."

"Nitakukamata."

"Nikamate. Lakini kunikamata utahitaji watu wawili washuke, wanifunge, waniweke garini, tuandikiane. Hiyo ni nusu saa, na gari zimesimama. Mimi nataka gari zisimame. Tafadhali nikamate pole pole."

Ndugu zangu, nimeona wanaume wengi wakiwa wajasiri wamesimama. Ujasiri wa kukaa nilikuwa sijauona. Meja akawa mwekundu, na yeye si mtu mweupe. Akamwambia dereva wa gari la kwanza awashe injini na asogee. Dereva akawasha. Gari likaja, polepole, polepole, mpaka bampa likawa usawa wa uso wa Theophil, nikaona vumbi la magurudumu linamwangukia kwenye soksi. Hakuinuka. Alifumba macho. Msije mkadhani hakuwa na hofu. Alikuwa nayo, tena nyingi, ila alikuwa ameikalia.

Dereva akazima injini. Akasema, "Afande Meja, mimi siwezi," akaweka funguo juu ya boneti.

Hapo ndipo Theophil alipofumbua macho akasema, "Mleteni Tarsis."

Tarsis alikuwa fundi wetu wa mabomu. Mnamjua, anashona viatu Mtaa wa Narung'ombe, na viatu vya nusu ya meza kuu amevishona yeye. Tarsis akaja na fimbo yake ya chuma, akampita Theophil, akapiga magoti, akaanza kuchoma udongo taratibu, kama mtu anayejaribu keki iliyo kwenye makaa. Tukahesabu hatua. Hatua ya kumi na mbili nyuma ya mgongo wa Kapteni, Tarsis akainua mkono. Halafu akainua tena hatua ya kumi na tisa. Yalikuwa mabomu tisa, kwa magari tisa. Nadhani waliotega walituhesabu vizuri kuliko tulivyojihesabu.

Meja alirudi garini. Tukageuza, tukazunguka kwenye kahawa siku mbili, na wale wa kilimani walipotuona tumetokea ubavuni mwao wakakimbia wakaacha hata sufuria jikoni. Hatukupoteza mtu. Nimesema hatukupoteza mtu, Ndugu Mwenyekiti, hata mmoja. Wengine walipata kuhara kwa sababu ya mapapai mabichi, lakini hiyo si kazi ya adui.

Sasa mtaniuliza, mtu wa namna hii si angepandishwa cheo siku ile ile? Na mimi nitawauliza: kama tuta lilikuwa na mabomu, na taarifa ilikuja saa tano na dakika ishirini, nani basi alipeleka watu mia na arobaini na wawili kwenye tuta saa saba?

Swali hilo lilihitaji jibu, na jibu lilitafutwa. Siku ya nne niliitwa hemani. Meja amekaa. Mezani daftari langu la ujumbe limefunguliwa ukurasa ule, na ukurasa wenyewe umekatwa kwa wembe. Pembeni karatasi mpya. Chini ya daftari, imechomoza kidogo tu, ruhusa yangu ya kurudi Dar es Salaam. Nilikuwa nimeiomba kwa wiki mbili bila kupewa. Mwanangu alikuwa na surua, amelazwa, na telegramu ya dada yangu ilisema, "Njoo haraka."

Akaniambia kwa upole, "Koplo, siku ile redio ilikuwa inakatika, sivyo? Ujumbe haukueleweka."

Nikatazama daftari. Nikatazama ile ruhusa.

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu huu unaowapimia dagaa. Niliandika, "Ujumbe ulikatika. Haukueleweka." Nikatia sahihi. Jioni ile nilikuwa juu ya lori, narudi nyumbani kwa mwanangu. Alipona. Yuko darasa la tano sasa, na ni mtundu.

Naye Kapteni Theophil akaandikiwa uzembe katika kutoa taarifa, na kuzuia msafara wa jeshi. Wakasema wanamhurumia kwa sababu mabomu yalionekana, kwa hiyo hawamfungi. Cheo chake kikaishia pale.

Kanali, usiinuke. Maelezo yangu nimeyaandika yote, nimeapa mbele ya hakimu, na bahasha yako hii hapa. Nakala nyingine niliipeleka makao makuu juzi Alhamisi, nikagongewa muhuri, ili hii yako isipatwe na bahati mbaya njiani. Kama kuna wa kushtakiwa kwa sahihi ya uongo ni mimi, na meza yangu sokoni wanaijua, iko upande wa Mtaa wa Swahili, waniulize hata kwa harufu.

Lakini sikusimama hapa nijipambe toba. Nataka mjue alichofanya yeye.

Baada ya vita walimpa kazi ya kufundisha vijana. Akabuni mtihani wake: anawavalisha kiraia, anawaleta hapa Kariakoo, anawaambia wazunguke soko zima bila kujulikana, wamletee habari za meza ishirini. Wenzangu wa sokoni mnakumbuka! Wanakuja vijana saba, shati za maua, mwendo wa gwaride, na buti zimeng'arishwa mpaka unajiona meno. Evarista wa nyanya akawa anawaita kabisa, "Afande, karibu fungu!" Kapteni amekaa kwa mama ntilie anakula maharage, anawahesabu wanaokamatwa. Jioni anawaambia, "Mmeshindwa na muuza nyanya. Nendeni mkamwamkie, yeye ndiye mkufunzi wenu." Na waliamkia, wanaume wazima, "Shikamoo mama," na Evarista anajibu marahaba huku anawauzia zilizooza.

Mwaka themanini na moja, mimi nikiwa nimeshaacha jeshi, alikuja mezani kwangu na kikapu, kama mume wa mtu yeyote. Nikashindwa kupima. Nikamwambia, "Afande, kuna jambo. Lile daftari."

Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu waliponisomea na kunionyesha ile karatasi. Herufi zako huwa zimesimama wima kama askari wa zamu. Zile zilikuwa zimelala."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangekufunga wewe, si yeye. Na mtoto alikuwa mgonjwa."

"Nani alikwambia habari za mtoto?"

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwanamkuu, kwani wewe unadhani mimi nafanya kazi gani?"

Nililia pale pale juu ya dagaa; wateja wa siku ile walikula chumvi ya bure. Nikamwambia nitakwenda kusema ukweli. Akanikataza. Akasema ngoja mtoto akue, ngoja nistaafu, usije ukaharibu maisha mawili kwa ajili ya nyota moja ya begani. Nikatii. Miaka mitatu. Juzi alikabidhi magwanda yake stoo, na mimi nikahesabu kwamba amri ile imekwisha muda wake. Na siku ile ile mezani kwangu, niliposhika pakacha kumfungia dagaa wa bure, akakataa, akalipa, na bado akadai nyongeza kiganja kizima. Ndivyo alivyo. Mama Severa, pole.

Na sasa namaliza na wewe, Bibi Josepha.

Mama, mwanao alikudanganya kwamba ni karani wa stoo ili usikose usingizi. Halafu ikaja barua ya jeshi, na mpwa wako akakusomea neno "uzembe." Severa ameniambia kwamba tangu siku ile hukuuliza tena habari za kazi yake. Ameniambia kwamba Krismasi ile mlipokwenda kijijini Kilema jamaa walikuuliza, mbona wa fulani ni Meja na wa kwako bado, na wewe ukatazama chini ukasema, "Wangu alizembea." Mama, umelibeba neno hilo miaka mitano, na neno lenyewe ni langu. Limezaliwa na uongo nilioandika mimi. Naomba nikutue. Mwanao hakuzembea. Aliona, akasema, hakusikilizwa, akakaa.

Sasa nina ombi ambalo halimo kwenye ratiba ya Ndugu Isidori. Ninyi mliokuwa kwenye msafara ule, siku ile, kwenye kona ya tuta, mliomo humu ukumbini: naomba msimame. Msipige saluti, msipige makofi. Simameni tu, mama awaone.

Tarsis, asante. Wewe wa bucha. Yule dereva, ndiyo wewe, usijifiche nyuma ya nguzo, ulizima injini mchana kweupe mbele ya watu wote. Filbert na mdogo wake. Wale watatu wa Magogoni, wa kwenye pantoni. Simameni vizuri. Kumi na nne, kumi na tano... kumi na saba. Mama, hawa ni wa karibu tu, waliopata nauli. Wengine wako Songea, wengine Tanga, wengine Musoma, wana wake, wana watoto, wengine saa hizi wamelewa wanagombana na mabalozi wao. Lakini wapo.

Na...

Sikulitegemea hili. Hapana, Kanali, usiseme kitu, maneno utayasema makao makuu watakapokuita. Kusimama kunatosha. Ni kweli, na wewe ulikuwemo. Gari la tatu.

Kumi na wanane, mama.

Mmenipa masikio yenu muda mrefu kuliko nilioruhusiwa, nami nawashukuru kwa kunisikiliza. Bibi Josepha, geuka huku kushoto. Mwanao analia, na hajui aweke wapi mikono.